Siku Moja Kabla ya Picha

Mpiga picha wa kijijini anayeijua kazi yake huja siku moja kabla, na huja bila kamera. Anaegesha pikipiki nje ya ua wa minyaa, anapiga hodi, anasalimia kwa Kisukuma, "mwangaluka" kama bado ni asubuhi au "mwadila" kama jua limeshapinda, kisha anakaa pale anapokaribishwa. Anauliza nani amefika na nani bado yuko njiani. Anauliza bibi anaendeleaje na magoti. Anauliza kama wajukuu wote wameshazoeana au kuna ambao ndiyo kwanza wanaonana. Huku akiongea, macho yake yanazunguka uani: mwembe uko upande gani, kivuli cha nyumba kinaangukia wapi, kamba ya kuanikia nguo inafunguka au imefungwa moja kwa moja. Asiyemjua atadhani ni jirani aliyepita kusalimia. Kumbe yuko kazini, na sehemu kubwa ya kazi yake ndiyo hiyo.

Nataka kuisifu kazi hiyo, hasa upande wake huu usioonekana. Tukiona picha nzuri ya familia tunasifu kamera, na siku hizi tunasifu simu, tunaulizana ni toleo gani. Fundi aliyejua nani akae wapi na saa ngapi hatumtaji. Mimi nimetazama picha nyingi za sikukuu katika nyumba za Usukumani, zilizopigwa kwa vifaa vya kila namna, na kila nilipoipenda moja nimegundua kwamba kilichonivutia kiliamuliwa kabla kamera haijatolewa mkobani.

Chukua mfano wa Kasoli, kata ya Wilaya ya Bariadi, katika Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Shinyanga. Ni nchi ya pamba na ng'ombe. Pamba hupandwa kuanzia katikati ya Novemba hadi katikati ya Desemba, kwa hiyo Krismasi inawakuta watu na jembe mkononi, miche ikisubiri palizi. Mauzo hufunguliwa Mei au Juni. Hapo ndipo mifuko hujaa, na baada ya mavuno ngoma za vyama vya Wagika na Wagalu hurindima. Mpiga picha angefuata fedha tu, angefanya kazi yake kubwa wakati huo. Lakini fedha huja Juni, watu huja Desemba. Shule zimefungwa. Binti aliyeolewa Geita amekuja na watoto, kijana anayeuza spea Kariakoo ameomba ruhusa, mwalimu aliyepangiwa Mtwara amesafiri siku mbili. Wengine wanaletwa na mabasi yanayopita Shinyanga na Maswa, wengine na yale ya Mwanza yanayokata kona Lamadi. Ukoo ambao mwaka mzima umekuwa sauti za kwenye simu unakaa ua mmoja siku nne au tano, kabla Januari haijafika na ada zake na kuutawanya tena. Mpiga picha ana siku hizo tu, na katika siku hizo ana saa chache tu zenye mwanga unaofaa.

Tuuangalie mwanga kwanza, maana ndio malighafi. Ndugu zetu walioko Ulaya hupiga picha za Desemba wakiwa na shida ya kinyume na yetu. London, siku ya Krismasi, jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Familia inajibanza dirishani kutafuta kamwanga, au inawasha taa zote za sebuleni. Kasoli iko chini ya nyuzi 3 kusini mwa ikweta, na Desemba jua linakaa angani kupita saa 12. Adui wa picha hapa ni wingi wa mwanga. Jua linafika juu kabisa mnamo saa saba kasorobo, kwa kuwa saa ya Tanzania imepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ilhali Bariadi iko kwenye 34. Wakati huo ndipo watu wanarudi kutoka ibadani, wamependeza, nguo bado zimenyooka, na kila mmoja anataka apigwe picha palepale. Na huo ndio wakati mbaya kuliko yote kusimama uwanjani. Paji la uso linang'aa, macho yanazama kwenye vivuli vya nyusi, kofia ya babu inameza nusu ya uso wake, watoto wanakunja sura.

Lakini Desemba ina fadhila yake, na fundi wa hapa anaijua hata kama hajawahi kuisoma popote. Mwezi huo jua limehamia kusini. Tarehe 21 au 22 linakuwa juu ya tropiki ya Kaprikoni, nyuzi 23 na nusu kusini mwa ikweta. Hapa kwetu linachomoza kusini kidogo ya mashariki, linapita kusini ya utosi, linazama kusini kidogo ya magharibi. Matokeo yake ni kwamba ukuta wa nyumba unaotazama kaskazini unashinda kivulini kutwa nzima. Juni mambo hugeuka, ukuta uleule ukachomwa na jua tangu asubuhi hadi jioni. Ndiyo maana fundi, siku ile ya kwanza, alizunguka nyuma ya nyumba ingawa kila mtu alimwambia picha zitapigwa mbele. Alikuwa anatafuta kaskazini. Pale, hata saa saba mchana, uso unapokea mwanga wa anga uliotulia, hauna kivuli kikali wala mng'ao. Na kama uwanja umefagiliwa vizuri, udongo mkavu unarudisha mwanga kidogo kwenda juu, chini ya kidevu na chini ya macho, mahali wazee wanapoonekana wamechoka. Udongo ukiwa mweusi wa mbugani, nao umelowa, haurudishi kitu. Hapo anaomba shuka jeupe au salfeti mbili zilizochanwa, anazitandika chini mbele ya miguu ya waliokaa, nje kidogo ya picha. Nimeona sura ya mama mmoja ikifunguka kwa salfeti hiyo tu. Macho yaliyokuwa giza yakapata nuru, na binti zake waliokuwa wanasubiri zamu yao wakaacha kuongea.

Jioni kuna nafasi ya pili, tangu saa kumi na moja hadi kama saa kumi na mbili na nusu. Mvua ikiwa imenyesha mchana, vumbi limeshuka, majani yamekuwa kijani kibichi, mwanga unakuja wa pembeni, laini, wa dhahabu. Ni wakati mzuri mno. Tatizo lake ni chakula. Wali na nyama vimeshaliwa, mchuzi umeshagusa kola, wadogo wamelala, na mjomba mmoja amekwenda kuwasalimu marafiki zake na hajulikani atarudi saa ngapi. Fundi mzoefu hulisema hili mapema kwa mwenye mji, kwa adabu lakini bila kuzungusha: picha ya wote ipigwe kabla ya kula, kwenye ukuta wa kaskazini, picha ndogondogo za baba na watoto wake, za mama na dada zake, ziachwe jioni. Mimi naona huo ndio mpango bora, na nyumba zinazoupuuza huishia na picha nzuri zenye watu pungufu.

Lipo pia suala la rangi yetu, na hapa ufundi unadai ujuzi wa pekee. Kamera hupima mwanga ulio mbele yake na kuutafutia wastani. Ikikutana na anga jeupe au ukuta uliopakwa chokaa, inaona mwanga umezidi, inaupunguza, na nyuso nyeusi zinageuka vivuli vyenye meno. Ugumu huu una historia. Kwa miaka mingi maabara za kusafisha picha za rangi zilirekebisha mashine zao kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke Mzungu. Kadi hizo, zilizoanza katika miaka ya 1950, zikajulikana kwa jina la Shirley, na ngozi yake ikawa kipimo cha ngozi zote duniani. Mtoto wa Kisukuma aliyepigwa picha pembeni ya mtawa wa Kizungu alitoka giza, na lawama akabebeshwa mpiga picha wa kijijini. Siku hizi kampuni zimeanza kujirekebisha. Mwaka 2021 Google ilitoa simu yenye mfumo unaoitwa Real Tone, uliotengenezwa kwa kuzingatia ngozi nyeusi. Fundi wa Kasoli hakusubiri. Anapima mwanga kwenye shavu la mtu, hapimi ukuta nyuma yake. Anakwepa chokaa na kuchagua tofali za kuchoma, mlango wa mbao, au ua wa minyaa wenye kijani kizito. Na siku ile ya kwanza anawaambia akina mama kitu ambacho mwanzoni huwashangaza: watoto wapakwe mafuta mikononi na miguuni kama kawaida, lakini usoni kidogo sana, kwa sababu mafuta yakizidi paji la uso linarudisha mwanga wote na sura inapotea.

Maandalizi ya nguo yana mambo yake, mengine ya furaha tupu. Wiki mbili kabla ya sikukuu fundi cherehani halali. Familia imekata jora moja la kitenge, kila mtu ashonewe: magauni, mashati, vigauni vya watoto wachanga, hata kilemba cha bibi. Sare hizo zinapendeza zikitembea barabarani kwenda kanisani. Kwenye picha ya watu 20 maua makubwa ya kitenge kimoja yanaungana, na ni vigumu kujua bega la nani linaishia wapi. Fundi hawezi kuwaambia watu wasishone sare. Sare ni upendo, na wengine wamejinyima kuzinunua. Anachofanya ni kuwachanganya waliovaa mashati meupe ya ibada katikati ya waliovaa kitenge, na kumwomba babu abaki na koti lake la siku zote. Kulwa na Doto, mapacha wanaopatikana karibu katika kila ukoo wa Usukumani, lazima wavae sawasawa. Hilo halina mjadala. Nywele zimesukwa tangu juzi, kwa sababu mabutu yaliyosukwa asubuhi hiyo yanavuta ngozi na mtoto anatoka na macho ya kushangaa.

Viatu navyo. Udongo wa mbugani ukilowa unang'ang'ania soli, na watoto wanatoka kanisani wakiwa wameshika viatu mkononi. Asubuhi ya sikukuu utakuta kijana wa miaka kumi hivi amekaa kwenye jiwe na kopo la dawa ya viatu, anang'arisha pea za ukoo mzima. Kila nikimwona mtoto wa namna hiyo nafikiria picha moja ya Louis Daguerre, aliyoipiga Paris mwaka 1838 kutoka dirishani kwake, ikionyesha barabara ya Boulevard du Temple. Barabara hiyo ilikuwa imejaa watu na magari ya farasi, lakini picha ilihitaji dakika kadhaa kushika, na kila kilichotembea kilifutika. Alibaki mtu mmoja pembeni ya njia, kwa kuwa alikuwa amesimama tuli akisafishwa kiatu. Anahesabiwa kuwa mmoja wa watu wa kwanza kabisa kuonekana kwenye picha. Sanaa hii yote ilianza na mtu aliyekuwa akijiandaa.

Sasa kupanga watu. Hapa ndipo ninapomheshimu mpiga picha wa kijijini kuliko yule wa mjini mwenye taa na miavuli yake, kwa sababu hapa anatakiwa kuujua ukoo. Mwenye mji anakaa katikati, hilo ni rahisi. Ana wake wawili. Nani akae kulia kwake? Mke mkubwa, bila shaka, lakini mke mdogo ndiye mama wa kijana aliyelipia picha. Mama yake mwenye mji bado yuko hai, na mbele ya mama hakuna mwenye mji. Mkwe wa kiume na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Ukiwasimamisha bega kwa bega utawaona wote wawili wamekauka, na picha itatoka na ukauko huo. Yupo shangazi aliyerudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika, anayesogea pembeni kabisa bila kuambiwa. Wapo watoto wa marehemu kaka, wanaolelewa hapo, ambao hawana uhakika kama wanaitwa wanaposikia "watoto wa nyumba hii waje mbele."

Fundi ameyasikia hayo yote siku moja kabla, katika mazungumzo yale yaliyoonekana ya kupita tu. Kwa hiyo hapangi kwa kubahatisha wala kwa urefu. Anaanza na bibi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Haya, leo unanifanya nini?"

"Sikufanyi kitu, bibi. Nataka kujua tu wewe unapenda kukaa wapi."

"Ninapokaa siku zote."

Anapokaa siku zote ni kando ya mlango wa jikoni, anapochambulia choroko na kukatia viazi vya michembe. Kiti cha sofa kilichotolewa sebuleni kwa ajili yake kinarudishwa ndani, kinaletwa kigoda chake. Mgongo unanyooka wenyewe. Mikono inajua pa kukaa. Ukoo wote sasa unapangwa kumzunguka yeye pale alipo: mwanawe upande mmoja, mke mkubwa upande wa pili wa bibi, mke mdogo pembeni ya mume, na hivyo kila mama yuko jirani na mkubwa wake na hakuna aliyeshushwa. Shangazi anaitwa kwa jina na kupewa mtoto mchanga ampakate. Mwenye mtoto mchanga hawezi kukaa pembeni, huwekwa katikati. Watoto wa marehemu wanaitwa wa kwanza kabla ya wengine, wanakalishwa chini, mbele ya magoti ya mwenye mji. Mkwe anapewa kazi ya heshima ya kusimama nyuma na wanaume warefu. Kila agizo linatolewa kwa sauti ya kawaida, na anayesikiliza kwa makini atagundua kwamba hakuna hata moja lililotaja sababu.

Kuna kanuni za macho pia. Lenzi za simu ni pana, na zinawavuta walio pembeni wakanenepa kuliko walivyo. Kwa hiyo anarudi nyuma hatua kadhaa na kuwaacha vijana wembamba pembezoni. Mistari mitatu ya watu inasogezwa ikaribiane, waliosimama wagusane na viti, ili wa mbele na wa nyuma wote waonekane vizuri. Vichwa havipangwi kwa ngazi. Anawaomba wakubwa wawili watatu wainame kidogo kumsikiliza aliye mbele yao, na ghafla hawa ni watu wanaopendana, hawafanani tena na wajumbe wa kamati.

Halafu kuna kufumba macho. Watafiti wawili wa Australia, Nic Svenson na Piers Barnes, walikokotoa jambo hili na mwaka 2006 wakapewa tuzo ya Ig Nobel ya hisabati. Kwa kundi lisilofika watu 20, walisema, gawanya idadi ya watu kwa 3 kama mwanga ni mzuri, kwa 2 kama ni hafifu. Hizo ndizo picha unazopaswa kupiga ili upate moja ambayo hakuna aliyefumba. Familia ya watu 18 kwenye ukuta wa kaskazini inahitaji picha 6. Enzi za mkanda wa picha 36 hesabu hiyo ilikuwa gharama isiyobebeka, na fundi wa zamani ilibidi awe na njia yake. Wengi waliwaambia watu wafumbe macho wote pamoja, wafumbue wakisikia "tatu". Njia hiyo bado inafanya kazi, na bado inawachekesha watoto.

Seydou Keïta, mpiga picha wa Bamako, Mali, aliyefungua studio yake mwaka 1948, alizoea kumpiga mteja picha moja tu. Alifanyia kazi uani, kwa mwanga wa jua, na kwa miaka ya mwanzo pazia lake la nyuma lilikuwa shuka lake mwenyewe la kitandani. Alikuwa na saa, redio, kalamu na nguo za kuazimisha, na muda wake wote aliutumia kumpanga mtu: kichwa kiinamishwe kiasi gani, vidole vikae wapi. Leo picha zake zinatundikwa katika makumbusho makubwa ya Ulaya na Marekani, na wanaozitazama wanastaajabia utulivu wa wale watu wasiowajua. Utulivu huo ulitengenezwa na fundi aliyejua kwamba hapati nafasi ya pili. Ukanda wetu nao una ukoo wake wa mafundi. Capital Art Studio ya Zanzibar ilifunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Mombasa, kwenye kivuko cha Likoni, wapiga picha walijenga vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa meli na ndege, na vijana wa bara waliokuja pwani kutafuta kazi walipigwa pale picha za kupeleka nyumbani. Kasoli haina pazia la meli. Kijana wa Kariakoo ataomba apigwe akiwa amekaa kwenye pikipiki, na sioni sababu ya kumnyima. Mwenye mji ataomba ng'ombe wake waonekane. Hilo linahitaji subira, kwa sababu ng'ombe hurudi zizini jioni, na ni bahati njema kwamba hurudi wakati ule mwanga unapokuwa mzuri kuliko wote. Mti wa Krismasi utaletwa nje pia, tawi lililochomekwa kwenye ndoo ya mchanga na kuwekewa mabonge ya pamba. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki pamba hiyo hununuliwa dukani kuigiza theluji ambayo wenye nyumba hawajawahi kuiona. Hapa inaweza kuwa imetoka shamba lao wenyewe, na napenda ionekane kwenye picha kwa sababu hiyo.

Wakati mwingine watu huuliza faida ya usumbufu wote huu, ilhali kila mjukuu ana simu na amepiga picha mia tangu asubuhi. Jibu langu ni la msibani. Nimekaa kwenye misiba ya wazee wa Simiyu na kuona familia ikihangaika usiku kutafuta picha ya kuweka juu ya jeneza. Simu zinafunguliwa moja baada ya nyingine. Ile iliyokuwa na picha nyingi iliibiwa stendi. Nyingine ilidumbukia majini. Nyingine ina picha za sikukuu zote tatu zilizopita, na katika zote mzee yuko nyuma, nusu uso, anapita na beseni. Mwishowe inachukuliwa picha ya kitambulisho, ile aliyopigwa akiwa ameambiwa asitabasamu na avue kofia, inakuzwa mpaka inavunjika vipande vya mraba, na mtu aliyecheka maisha yake yote anazikwa nyuma ya uso wa mshukiwa. Au inapatikana picha ya pamoja, anakatwa humo, na bega la mtu mwingine linabaki kwenye fremu. Fundi anaijua siku hiyo ingawa hawezi kuitaja mbele ya mwenye afya njema. Ndiyo maana, baada ya picha ya wote, humwomba kila mzee abaki kidogo peke yake, palepale alipokaa, na kumpiga picha mbili tatu akiwa anaongea na mjukuu wake. Halipishi hizo. Anazisafisha na kuziweka.

Kazi yake haimaliziki uani. Siku chache baadaye anakwenda Bariadi kusafisha picha, na anachagua karatasi nzito. Idadi ya nakala imeshapangwa na mwenye mji: moja ya sebuleni, moja kwa kila mke, moja ya mama yake, na moja kwa kila mtoto anayesafiri. Zinatakiwa zirudi kabla mwalimu wa Mtwara hajapanda basi. Anapozileta hazigawi kwanza. Anakaa tena pale alipokaa siku ya kwanza, anatoa kalamu ya wino usiofutika, anageuza picha, na kuomba majina kuanzia kushoto, mstari wa nyuma hadi wa mbele, jina la mtu na la baba yake. Hapo huzuka mazungumzo marefu kuliko ya siku ya picha. Binti wa Geita anagundua kwamba mtoto aliyempakata ana jina la bibi yake mzaa mama. Bibi anaulizwa alizaliwa mwaka gani, naye anataja njaa fulani na mtemi aliyekuwa akitawala, na vijana wanaanza kukokotoa. Fundi anaandika kama lilivyosemwa: njaa, mtemi, mwaka wa kukisia kwenye mabano. Chini anaongeza tarehe ya picha na neno Kasoli, maana wajukuu watakaoikuta picha hiyo Dar es Salaam au Muscat huenda wasijue ilipigwa wapi.

Anasubiri wino ukauke kabla ya kuzipanga, upande wa maandishi ukiwa juu. Kisha anaelekeza pa kuitundika ile kubwa: si mkabala na mlango, jua la asubuhi litaififisha ndani ya miaka michache, wala si juu kabisa karibu na bati, joto litaikunja. Ukuta wa ndani unafaa, usawa wa macho ya mtu aliyekaa. Kijana anatumwa kutafuta msumari, na fundi anakunja begi lake, kwa sababu nyumba ya tatu kutoka hapo nao wanamngojea kesho na bado hajaona ukuta wao unatazama wapi.